Twaiba na Sahani Asiyoweza Kuipitisha Mbele ya Mzee

Saa saba mchana, sauti inatoka katika dirisha la jiko la mkahawa mmoja kando ya barabara ya Diani: "Tafi wa nazi!" Twaiba Kombe anaipokea sahani kwa mikono miwili, anageuka, kisha anasimama kama mtu aliyesahau njia ya kwao.

Mpishi hasemi tafi ni wa nani. Hapa meza hazina nambari. Ni milango ya zamani iliyolazwa juu ya matofali, na mingine bado ina makomeo. Orodha ya vyakula hakuna. Jiko ni moja, la makaa, nalo hutoa sahani moja moja. Mhudumu ndiye akumbukaye nani ameagiza nini.

Twaiba hukumbuka. Shida yake ni nyingine.

Tafi ameagizwa na Kalama na Purity, vijana wa Ukunda waliokaa tangu saa sita. Lakini katika njia ya kuwafikia ameketi Mzee Chande, aliyeingia punde tu. Twaiba anaitua sahani mbele ya mzee.

"Mathe, si huyo ni samaki wetu?" auliza Kalama.

"Ni wenu, mwanangu. Wenu yuaja."

"Anakuja aje na ashafika?" adakia Purity.

Mwenye mkahawa, Japheth Mramba, anatoka jikoni akijifuta mikono. Amekwisha kumwonya Twaiba: lalamiko la tatu katika mwezi huu litamrudisha nyuma kuosha vyombo. Mawili yamekwisha kuingia, na yote ni ya namna hii.

Twaiba, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, ni mzaliwa wa Majoreni. Hadi leo hajafahamu kosa lake ni lipi. "Kwetu humpiti mtu mzima na chakula ukaenda kumpa mtoto," aeleza. "Wateja waniambia wametangulia. Wametangulia kuingia, kuzaliwa je?"

Kwa kuosha vyombo alilipwa shilingi mia nne na hamsini kwa siku. Ukumbini hupata mia saba. Hata hivyo, asema si fedha pekee. "Miaka tisa niliwajua watu kwa miiba waliyoniachia. Sasa nawaona nyuso."

Mzee Chande anaisukuma sahani taratibu.

"Mwanangu, leo ni Alhamisi. Nimefunga. Nimeingia kuomba kivuli tu, namngoja mjukuu wangu."

Twaiba anajiziba mdomo. Yeye aliyelelewa katika nyumba iliyofunga kila Alhamisi, amemwekea aliyefunga tafi wa nazi chini ya pua.

Mzee naye amekwisha kusimama, ameichukua sahani na kuwapelekea vijana mwenyewe. Nao wanainuka kwa pamoja, wasijue nani apokee na nani avute kiti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kuleni, asije akapoa."

Mramba anamwinamia Kalama. "Ndugu, una lalamiko?"

Kalama anamtazama samaki, kisha anamtazama mzee anayerudi mahali pake. "Sasa nitamlalamikia nani, na babu ndiye ameserve?"

Mramba anajikuna kichwa. "Hili silihesabu," amwambia Twaiba. "Hata sijui lahesabiwaje. Lakini kuanzia sasa, mama, usitue sahani kabla hujauliza. Mzee, kijana, yeyote. Mwulize kwanza kama atakula."

"Nimwulize mgeni kama atakula?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni aibu, Mramba."

"Hiyo ni kazi, mama."

Mwezi umebakiza siku kumi. Twaiba asema akizivuka bila lalamiko, Mramba ameahidi kumwacha ukumbini moja kwa moja, naye ameazimia kuuliza, ijapokuwa ulimi wamwia mzito. Anajifunza swali hilo kimyakimya huku akipangusa meza.

Hakai sana kabla ya kulihitaji. Bi Mwanapili, mwanamke wa makamo ya mamake, anaingia akijipepea kwa ukingo wa leso, na kuketi karibu na mlango. Twaiba anamwendea mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama… utakula?"

Bi Mwanapili anaacha kujipepea. Anamtazama Twaiba kutoka kichwani hadi miguuni, kisha anashika mkoba wake.

"Mbona waniuliza? Kwani leo hamkupika?"