Mchezo Bila Watazamaji

Katika shule yetu ya Bukoba, kidato cha tano, ni mimi peke yangu niliyechagua sanaa za maonyesho. Wenzangu walichukua historia au kemia, masomo ya watu wenye akili timamu. Mwalimu wangu, kijana wa Morogoro aliyetoka chuo kikuu, hakuwa na mwanafunzi mwingine. Somo linalohitaji umati tulilisoma wawili, ndani ya stoo ya majembe, kwa sababu ukumbi ulikuwa wa mikutano ya siasa.

Nyumbani Ngenge, baba alinisikiliza hadi mwisho.

"Yaani nimekupeleka shule ukajifunze kuigiza?"

"Tata, ni somo kama mengine."

"Haya. Ukifeli, kibanja kipo, migomba inangoja palizi."

Hakuwa anatania. Basi maisha yangu yote yakabaki mikononi mwa mtihani wa vitendo wa kidato cha sita: kucheza mchezo wangu mbele ya mtahini kutoka Dar es Salaam.

Nilitunga habari za mzee aliyehamishiwa kijiji cha ujamaa, mahali ambapo hakuna anayezijua hadithi zake. Nikauanza mchezo kama tunavyoanza hadithi kwetu Uhayani. Msimulizi husema, "Nilikuja nikaona," na wote waliopo humjibu, "Ona nasi tuone." Asipojibiwa haendelei, maana atakuwa anaongea peke yake. Nilikuwa nimeyasikia hayo kwa Kihaya tangu nabebwa mgongoni, nikayatia Kiswahili, nikaamini kwamba nchi nzima inaanza hivyo. Kwenye mazoezi mwalimu alinijibu kila mara, mpaka sote wawili tukasahau kwamba ni mimi niliyemfundisha kujibu.

Siku ya mtihani kahawa ya shamba la shule ilikuwa imeiva. Mkuu wa shule akawatoa wanafunzi wote kwenda kuchuma. Elimu ya kujitegemea haikungoja maigizo. Mwalimu naye akaambiwa akae nje. Ukumbini tukabaki mimi, mtahini na mabenchi.

"Nilikuja nikaona," nikasema.

Mtahini akanitazama kwa adabu. Nikasubiri. Nikarudia polepole, nikimwinamia kidogo, kama mtu anayemkumbusha mgeni. Akashika kalamu yake. Ndipo nikaelewa kwamba hajui, na kwamba hakuna mtu atakayenijibu. Upweke ulinishika hata nikataka kushuka jukwaani niwafuate wenzangu shambani. Nikamkumbuka baba.

"Ona nasi tuone," nikajijibu. Sauti ilitetemeka yenyewe, sikuitetemesha mimi. Nikaendelea hivyo hadi mwisho, nasema na kujijibu.

Jioni mwalimu alinijia mbiombio nikiwa njiani kuelekea bwenini, uso umemchangamka. Mtahini alikuwa amemwambia kwamba hajawahi kuona mwanzo kama ule: mzee anawangoja watu wake, hawajibu, anajijibu mwenyewe.

"Amesema umefaulu vizuri sana," mwalimu akasema. "Mbona kwenye mazoezi hukunionyesha?"

Nikamwambia niliufikiria asubuhi ile ile. Alifurahi, akanipa mkono.

Wenzangu walikuwa wanarudi kutoka shambani, vidole vinanata utomvu wa kahawa. Mmoja alikuwa anaanzisha wimbo na wote wanapokea. Nikasogea pembeni wapite.