Luwanyi Nilizozikata Mwenyewe

Chuo cha kupima ardhi na kuchora ramani kilipoanza kule Namuwongo kilikuwa ghala la zamani, bati limetoboka, na wanafunzi wachache wasio na uwanja. Walijifunzia njiani na katika nyua zetu. Mimi niliwauzia kikomando, chapati ya kukatakata ndani ya maharage, na niliwapenda kwa sababu walikula wakamaliza.

Kibanja changu tulikinunua na marehemu mume wangu alipotoka jeshini. Mzee Mganda aliyetuuzia alituzungusha mipakani, mwenyekiti wa kijiji na majirani wakifuata nyuma, na kila kona tukapanda luwanyi, ule mti mwembamba wa majani marefu ambao ukichomeka kijiti tu kinashika. Mganda hahitaji ukuta. Akiona luwanyi anajua pa kusimama. Kisha karatasi ikaandikwa: kutoka luwanyi ya barabarani mpaka luwanyi ya mtaroni. Shule niliishia darasa la tatu, lakini maneno hayo niliyasoma bila msaada. Sikuwa na kitu kingine duniani.

Siku moja mwalimu wao alikuja na kile chombo cha miguu mitatu. Akachungulia, akanyanyuka.

"Maama, luwanyi zako zinatuziba. Watoto hawaoni ng'ambo."

Nikachukua panga. Sitamsingizia mtu, hakuna aliyenishika mkono. Nilizikata zote, nikang'oa na mizizi zisije zikachipua, nikajiona mtu wa maendeleo. Nilikuwa nalea mjukuu wa kike, wakati huo akiwa shule ya msingi, na nilitaka mwalimu yule anikumbuke siku moja.

Jirani yangu, Mkongo anayeshona nguo, alikataa.

"Mi sikate," alisema, hata kichwa hakuinua kwenye cherehani. "Hii miti njo ukuta yangu."

"Nyinyi mlikimbia nchi nzima," nikamwambia, "leo mnang'ang'ania miti minne."

Wanafunzi walicheka. Mimi nilicheka kuwashinda.

Mwalimu alinikumbuka kweli. Mjukuu alipomaliza sekondari alimpokea chuoni, na wakati huo chuo kilikuwa na ghorofa tatu, geti, na askari aliyenizuia na beseni langu. "Nyabo, wauzaji nje." Nje ilikuwa kwangu, basi nikarudi nje.

Halafu chuo kikataka uwanja wa mazoezi, na upande uliobaki ulikuwa wetu. Wakaja kupima. Mjukuu wangu ndiye aliyeshika ile nguzo ya mistari myekundu na myeupe. Alisimama pale pale ninapoanika maharage.

"Jaja, sogea kidogo. Unaziba."

Nikasogea.

Nilipotoa karatasi yangu, mwalimu, ambaye sasa ni mkuu wa chuo, aliisoma taratibu, akampa mjukuu. "Wewe unapafahamu hapa. Luwanyi ziko wapi?"

Msichana aliangalia ardhi. Mimi hakuniangalia. "Hakuna, sebo."

"Basi andika hakuna."

Akaandika. Ana mwandiko mzuri, ada yake niliikaangia chapati.

"Wewe uliziona zikikatwa," nilimwambia. "Ulikuwa unakusanya majani."

"Nilikuwa mtoto, jaja. Tunaandika kinachoonekana."

"Wamekufundisha vizuri."

Nyumba walinilipa, kwa kuwa ilionekana. Ardhi hawakuiona. Kwa jirani walifika kwenye luwanyi ya kwanza wakageuka, kama ng'ombe waliokuta seng'enge.

Asubuhi ya kuhama nilikwenda kwake kuomba kijiti kimoja. Ni hatua chache tu, lakini nilipumzika njiani. Alisimamisha cherehani.

"Siku ile uliniambia nini, mama?"

"Nilikuambia mlikimbia nchi nzima, mnang'ang'ania miti minne."

"Kumbe unakumbuka." Akakata kijiti kwa mkasi wa nguo, akaniwekea mkononi. "Panda kwenye kaburi yako. Kule hawatapima."

Nikamshukuru. Angeweza kuniambia zaidi na bado ningesimama pale nikisikiliza.

Sasa nimepanga chumba kimoja Kawempe. Kijiti kimechipua ndani ya kopo la rangi, hapo mlangoni. Mjukuu ameajiriwa, ana chombo chake cha miguu mitatu, na Jumapili hunijia na sukari. Jumapili iliyopita aliinama kusogeza kopo apate pa kuweka kiti.

"Usiguse," nilimwambia. "Hapo ndipo ninapoishia."

"Jaja, ni kopo tu."

"Unaliona?"

"Naliona."

"Basi andika. Kisha weka kiti chako huko nje."

Akakiweka nje. Chai yake nilimpelekea mpaka kwenye kopo, akanyoosha mkono akaichukua.