Kufukiza, Kusimulia na Kuomba

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Burma akiwa na viungo vyote, koti la keya, lile jeshi la Mwingereza, na kikombe cha bati. Kilichokosekana sikukijua jina lake. Shoka likigonga gogo, alijitupa chini kifudifudi. Mchana mmoja nilimwamsha ghafla, akanikaba koo kabla hajanitambua. Tangu siku ile alihamia kwenye banda la kahawa, akakataa kuingia ndani, kwa kuhofia atanidhuru.

Shemeji zangu, watu wa Isansa wasiopenda aibu, walikata shauri: kahawa ikishavunwa, apelekwe hospitali ya wendawazimu, huko mbali. Mimi niliyemngoja miaka minne nikasema hapana, bado sijamfaidi.

Nilianza na shangazi yangu, mganga, aliyekuja kwa miguu kutoka upande wa pili wa mpaka. Alichemsha majani, akamfunika mume wangu blanketi juu ya chungu, akamfukiza. Akatulia. Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, basi shangazi alipoondoka nikachemsha maji matupu. Yakamtuliza vilevile! Nilicheka peke yangu jikoni, sikumwambia mtu. Ila siku niliyoweka majani tena alipumua vizuri zaidi, kwa hiyo sikuthubutu kumdharau shangazi.

Dresa wa zahanati, mfunga vidonda aliyewahi kubeba majeruhi vitani, alinipa vidonge vyeupe na swali.

"Mama, hapo nyumbani mnamkataza kusema, sivyo?"

Kweli tulimkataza. Kwetu mtu aliyetoka kwenye mabaya haulizwi, tunaona ndiyo heshima.

"Basi mwulize. Aanzie merikebuni, kidogo kidogo, kila siku. Akitetemeka, ishieni hapo."

Nikachanganya mafukizo na maswali. Nilimwuliza akiwa ndani ya blanketi, asikoniona uso, naye akajibu kutoka humo humo. Merikebu. Mvua isiyokatika. Ruba miguuni. Kila siku tulisogea, mpaka tukafika kwenye mto mmoja, akanyamaza. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Siku kumi hatukuvuka, na kahawa ilikuwa inazidi kuiva.

Mzee wa kanisa alipopata habari za chungu alikuja amevimba, kunionya kwamba nitatengwa na meza ya Bwana. Nilimpa kigoda karibu na blanketi.

"Baba," nikamwambia, "kama unayo dawa ya kutuvusha mto, tusaidie."

Akakaa akisikiliza ule ukimya. Hasira ikamwisha kabisa.

"Mwanangu," akaliambia blanketi, "huko mtoni umemwacha nani?"

Sauti ikajibu kwamba ni rafiki yake, kijana wa Mbebe.

"Mama yake anajua alivyokufa?"

"Ana karatasi ya serikali tu, kutoka kwa bwana shauri."

Mzee akaomba, kisha akakiri kwamba hapa maombi yake peke yake hayatoshi, twende Mbebe. Nilimpenda kwa neno hilo, ingawa ile meza ya Bwana hakuwa amenihakikishia.

Tulitembea siku mbili, mimi, mume wangu na mzee. Tulimkuta mama wa marehemu akipukuchua maharage. Mume wangu akaketi mbele yake bila blanketi, akaanzia merikebuni, akasimulia mpaka mtoni.

"Alikufa upesi?" mama akauliza.

Nilimwomba Mungu mume wangu adanganye.

"Hapana, mama. Tangu asubuhi mpaka jioni. Risasi zilikuwa nyingi. Nilimsikia, sikwenda."

"Alikuwa anaita?"

"Aliniita mimi."

Mama akaacha maharage yake. Akimlaani, nilijua hakuna chungu kitakachomrudisha kwangu, na shemeji zangu watampata.

"Basi aliita mtu anayemjua," mama akasema taratibu. "Mimi miaka yote hii nilidhani alifia kati ya wageni."

Mume wangu alilia kwa sauti, kisha akalala pale pale kwenye mkeka wa yule mama, mchana kweupe, majirani wakitwanga mahindi nje. Kila mchi ulipogonga nilimtazama mabega. Hayakushtuka. Nikakaa nikijiuliza ni majani, au ni maneno ya dresa, au maombi, au ni mama huyu tu. Mpaka leo sijapata jibu, na bado nauliza.

Alipoamka aliniuliza mbuzi tumemwachia nani. Tangu arudi kutoka vitani, hakuwa ameniuliza kitu chochote.