Mlio Uliokuja na Abiria

Pikipiki yangu ilikuwa na tabia moja ya ajabu. Nikiiendesha peke yangu ilinguruma vizuri, hata kwa heshima. Lakini mchumba wangu akishapanda nyuma, kabla hatujamaliza mtaa, ilianza: kling-kling-kling, kama mtu anayegonga sufuria tupu kwa kijiko. Watu wa Etterbeek, hapa Brussels, waliokuwa wakitembeza mbwa wao waligeuka kutuangalia. Sisi tulikuwa tunacheka tu, maana mapenzi yalikuwa mapya na kila kitu kilituchekesha.

Ambaye hakucheka ni mama yake. Ni mjane, mtu wa Lubumbashi, anakaa Auderghem ghorofa ya tatu, na dirisha lake linatazama barabara tuliyokuwa tukifikia kila Jumapili. Jumapili moja hakungoja hata nivue helmeti.

"Papa," aliniambia, maana kwao hata kijana anaitwa papa mtu akitaka kumweka sawa, "hii kitu yako iko inalia nini?"

"Ni injini tu, mama. Ni ya zamani kidogo."

"Moteur tu! Bon. Muntu hajue kitu yake iko inalia nini, atajua bibi yake iko analia nini?"

Nikanywea. Baba zangu wadogo wawili walikuwa waje Jumamosi kutoka Antwerp kuniposea, na sasa mama akasema wasijisumbue. Niutafute ule mlio kwanza, niuondoe, ndipo tuzungumze. Na binti yake asipande tena kile chuma. Mimi ni Mtanzania, mtu wa Morogoro; nimesikia posa zikikwama kwa dini, kwa kabila, kwa midomo ya mashangazi. Posa kukwama kwa injini ndiyo nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza, na ilikuwa yangu.

Nikaipeleka kwa fundi, Mkongomani mwenye gereji ndogo Anderlecht. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho kama daktari. Akaizungusha mtaani, akarudi.

"Petit, moteur iko muzima kabisa."

"Inalia, fundi. Naapa."

"Inalia namna gani?"

Basi nikalia mimi. Nikapiga kling-kling-kling kwa mdomo, kwa bidii zote, pale katikati ya gereji.

"Apana," akasema. "Ile ni cloche, kengele ya kanisa."

Siku iliyofuata nikaenda saluni kwa mchumba wangu, ambaye anasuka nywele kwenye Galerie d'Ixelles, nikalia tena mbele ya wanawake watano waliosukwa nusu kichwa. Wakasimamisha kila kitu. Mmoja alisema ni cheni, akaiga cheni. Mwingine alisema ni valvu, akaiga valvu, tak-tak-tak, na kidole hewani. Wa tatu alisema ni ndoki, uchawi mtupu, na mlio wa uchawi alioupiga ulimfanya mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele atoe kichwa kuuliza kuna nini. Tulicheka mpaka mchumba wangu akakaa chini sakafuni.

"Chéri," akasema akifuta machozi, "yo inalia tu kama muntu iko nyuma. Donc tafuta muntu."

Ilikuwa kweli, na mimi nilikuwa nimezunguka mji mzima na kiti kitupu. Nikawaangalia wale wanawake. Wote wakashika vichwa vyao. Nywele za kazi ya siku nzima waziingize ndani ya helmeti kwa ajili ya posa yangu? Hata! Waliniombea heri na wakaendelea kusukwa.

Ijumaa alasiri nikaenda Auderghem peke yangu, juu ya pikipiki iliyonyamaza, kwenda kumwomba mama amruhusu binti yake apande japo kwa mtaa mmoja. Nilikuwa naogopa kweli. Nilimpenda mno yule msichana. Nikajieleza nikiwa nimesimama mlangoni.

"Mutoto wangu, apana," akasema. Akaniangalia kuanzia viatu. "Leta casque."

Helmeti! Alitaka kupanda yeye mwenyewe. Sikuamini. Mchumba wangu alikuwa ameshanifundisha desturi ya kwao: mume wa binti anaitwa buko, na buko na mama mkwe hawagusani, hawali meza moja, hawaketi benchi moja. Wanaheshimiana kwa mbali mpaka kufa.

"Mama, lakini si mwiko?"

"We uko buko yangu leo?"

"Bado, mama."

"Alors?"

Akavaa suruali ya mazoezi ya binti yake chini ya kitenge, koti la baridi la marehemu mumewe, glavu za sufu, na helmeti juu ya kilemba, ikakaa juujuu kama kifuniko cha chungu kilichojaa. Nikamwomba kilemba akiache nyumbani. Akakiacha, lakini kwa manung'uniko.

"Mu Lubumbashi nilipandaka moto na gunia ya bunga," akaniambia, maana kwao pikipiki ni moto na unga ni bunga, akanishika bega na kupanda. Pikipiki nzima ikashuka.

Tukaelekea upande wa msituni. Hatukufika mbali: kling-kling-kling!

"Iko! Iko inalia!" akapiga kelele, kwa furaha kama mtu aliyekamata mwizi. "Pole pole! Bon, ongeza! Ongeza, papa!"

Nikaongeza. Ghafla kimya. Halafu kling. Kimya tena. Nikageuza shingo na kumwona ameinua mguu wa kulia hewani, anaushusha, anauinua.

"Si moteur! Iko chini ya muguu yangu! Sikiliza!" Akakanyaga mara mbili, akapumzika, akakanyaga mara tatu. Alikuwa anapiga ngoma. Mzee mmoja wa Kibelgiji akatuvulia kofia, na mimi mbavu sina, nusura tuingie kwenye ua wa watu.

Tukasimama. Kweli, bolti inayoshika bomba la moshi pamoja na kikanyagio cha abiria ilikuwa imelegea. Mguu ukikandamiza, bomba linagonga fremu. Nikatoa spana chini ya kiti, nikakaza. Tukarudi mpaka kwake bila mlio wowote. Mama alikuwa akiimba mwenyewe huko nyuma.

Akashuka, akavua helmeti, akaninyooshea mikono yote miwili.

"Shika."

Nikamshika, sikuelewa.

"Shika muzuri, papa. Kesho hautaweza tena."

Ndipo ikaniingia. Nikabaki nimeing'ang'ania ile mikono na glavu zake za sufu, nacheka huku machozi yakinitoka, barabarani mchana kweupe, mpaka yeye mwenyewe akasema imetosha, niende nikawaambie wazee waje.