Aliniita kwa Jina la Nyumbani

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na minane, niliishia darasa la saba, naishi kijijini pembeni ya mji wa Singida. Humu niiteni Mama Neema. Jambo hili lina karibu miaka thelathini na sijamwambia mtu. Hata kwenye sala huwa nalizunguka.

Kijijini kwetu kuna mchezo unaoitwa Vita vya Majivu. Nimezaliwa nimeukuta. Kila mwaka tukishavuna mtama na alizeti, kijiji kinagawanyika kwa siku mbili, watu wa Mawe na watu wa Ziwani. Kila upande una mfalme wake, mawaziri, majasusi na bendera ya kulinda. Silaha ni vifuko vya majivu. Ukipigwa umekufa. Unalala pale pale, hufungui mdomo mpaka filimbi ya jioni, na ukinong'ona tu watu wanakupigia kelele, "Marehemu hasemi!" Siku hizo hakuna kuitana majina ya nyumbani, kila mtu ni cheo chake. Jina la nyumbani lina kazi moja tu. Ukiumia kweli unamwita mwenzako kwa jina lake, naye anaacha vita anakuja.

Upande unazaliwa nao, huuhami kwa kuolewa. Kwa hiyo mimi nilibaki wa Mawe, Waziri wa Vita, na mume wangu alikuwa Mfalme wa Ziwani. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imeanza kujaa mnadani, na wafalme waliozoea kuvaa magunia wakaanza kuvaa makoti. Baba Neema alipata koti jekundu la kike lenye vifungo vya rangi ya dhahabu. Tumboni halikufunga. Asubuhi ya vita namwekea uji namwambia, "Kunywa, adui. Nisije nikasemwa nimeua mfalme mwenye njaa."

"Ongeza sukari, Waziri. Ziwani hatunywi uji wa mateka."

Neema wetu, miaka sita, anacheka mpaka uji unamtoka puani.

Mwaka mmoja alinidanganya. Alijiangusha kwenye mawe akaanza kulia, "Waziri, mguu wangu! Waziri, nakufa!" Nikaacha bendera nikamkimbilia, wenzake wakatoka kichakani wakaibeba. Kijiji kilinicheka mwaka mzima. Hata kisimani wanawake walikuwa wananiamkia, "Waziri, mguu haujambo?"

Mwaka uliofuata nilimvizia nyuma ya jiwe kubwa nikampiga cha kifua. Majivu yakatapakaa kwenye koti. Akacheka, akakaa chini, akalala. Bendera yao ilikuwa mbele kidogo, haina mlinzi. Nimeshaanza kukimbia nikasikia sauti ndogo nyuma yangu.

"Mama Neema."

Ndugu zangu, nilisikia. Hakuniita Waziri. Mwaka ule wa mguu aliniita Waziri, maana hata katika uongo wake jina la nyumbani hakuligusa. Tofauti hiyo niliijua pale pale, sikuja kuifikiria baadaye. Niligeuza shingo, nikaona ameinua mkono kidogo. Nikamjibu, "Marehemu hasemi!" Nikaenda kuchukua bendera.

Tulishinda. Tuliimba. Filimbi ilipolia nilirudi pale kwenye jiwe nimejifunga bendera yao kiunoni, nikamwambia, "Amka, adui. Leo unapika wewe." Jivu lilikuwa limetulia juu ya mdomo wake, halipeperuki.

Hospitali walisema ni moyo. Labda hata ningerudi asingepona. Sijui, na sitajua.

Msibani dada yake mkubwa, wifi yangu, alinishika mikono yote miwili. "Alisema neno lolote?"

"Hapana, wifi. Alilala kimya."

Akashusha pumzi. "Afadhali. Basi hakuhangaika." Tangu siku hiyo amenipenda kama tumezaliwa tumbo moja. Neema nimemlea naye.

Mchezo ulisimama miaka miwili, ukarudi. Nilidhani nitauchukia, na hapa ndipo ninapojiona mtu mbaya zaidi, kwa sababu siuchukii. Watoto wetu walioko Dar na Mwanza wanaomba likizo waje kupakwa majivu, watu wazima wenye ofisi zao wanalala kwenye vumbi wakizuia kicheko. Mimi husimama nyuma ya uzio wa minyaa. Filimbi ikilia, miguu hii inataka kukimbia. Halafu nakumbuka siku ile ilikimbilia wapi.

Sasa mwaka huu wifi ndiye mkuu wa kamati. Juzi amekuja na lile koti, kumbe alilihifadhi miaka yote na majani ya mwarobaini. "Wifi, tumekubaliana. Filimbi ya kwanza utapuliza wewe, umevaa hili. Uwaambie vijana jinsi mfalme wao alivyolala kimya, akashika sheria mpaka mwisho."

Nikalipokea. Kwenye mshono wa kola bado kuna majivu kidogo. Alipofika mlangoni akageuka, "Mama Neema." Nikashindwa kuitika. Akaita tena, akadhani nimekuwa kiziwi, akacheka akaenda zake.

Wifi amepita miaka sabini na ana presha. Nikimwambia, namnyang'anya ile "afadhali" ambayo ameishi nayo. Nikinyamaza, nitasimama mbele ya kijiji kizima ndani ya koti la mume wangu niseme uongo juu yake. Zimebaki wiki mbili. Ninyi mliowahi kubeba kitu kama hiki, nisaidieni kwa upole. Nimwambie wifi kwamba mdogo wake aliita, na mimi nilisikia?