Baba alitoa ushuhuda kanisani amepona, kumbe saratani ya kibofu ilikuwa imejificha

Wakuu, salamu kutoka Kalamba. Haya ni ya nyumbani kwetu, sijaongeza chumvi. Mkitaka kunitusi, ngojeni nimalize.

Mzee wangu alianza kukojoa damu miaka mitatu imepita. Uchungu hakuna. Mwaitu, yaani mama yangu, ndiye aliiona kwa choo. Mzee akasema hiyo ni bilharzia ya utotoni, akanunua dawa kwa chemist huko Sultan Hamud. Kanisa nalo likafunga siku tatu kumwombea.

Wiki iliyofuata damu ikapotea. Aki tulifurahi!

Mimi ndio nilimsukuma atoe ushuhuda. Alikuwa anasita, anasema "wacha tungoje kidogo." Nikamwambia, "Baba, usimnyime Mungu sifa yake." Jumapili akasimama mbele, kanisa zima likapiga makofi, mimi nachukua video. Nikaituma kwa group ya familia.

Sasa kwetu ukishasema mbele ya watu umepona, utarudi kusema nini? Utaambiwa huna imani.

Damu ilirudi mwezi huo huo. Mzee akaacha kutumia choo, akawa anaenda nyuma ya boma la ng'ombe, kwa ule mchanga wetu mwekundu. Nani angejua?

Alinyamaza zaidi ya mwaka. Mkojo ulipoziba kabisa ndio tukampeleka hospitali.

Daktari, mama mmoja mpole sana, alinichorea kwa karatasi. Mwili una askari wake wa kinga. Mwanzo wanazitambua seli za saratani, wanaziua. Zinazobaki ni zile zimejua ujanja: zinaficha alama zao, zinawapa askari ishara ya kwamba hapa ni salama, rudini. Mwishowe kuna askari wanageuka wanazilinda.

"Mngekuja mapema," akasema, "tungeweka ndani ya kibofu ile chanjo ya TB ya watoto. Huwa inawaamsha hao askari. Sasa saratani imeingia kwa msuli wa kibofu, imefika mapafu."

Alipewa zile dawa mpya za kuondoa ile ishara ya kudanganya askari. Kwake hazikushika.

Nilimuuliza pale kitandani mbona hakuniambia. Hakukasirika hata. Akasema, "Ningekuambia saa ngapi? Mlikuwa mnapiga makofi."

Tulimzika kabla mvua ianze. Ile video bado iko kwa group. Wakati wa matanga shangazi mmoja aliirusha tena, akaandika Amina. Nimeshindwa kuifuta.

Na msiniletee methali ya mficha maradhi, naijua. Mzee hakuficha peke yake, tulimsaidia.

Damu kwa mkojo, hata mara moja, hata ikiisha yenyewe, nenda hospitali upimwe kibofu. Ombeni, lakini mkiwa njiani. Na mzee akisema tungoje kidogo, msikize.

Kama kuna mtu hapa alishatoa ushuhuda halafu ugonjwa ukarudi, andika hapa chini. Hakuna mtu atakupigia makofi.