Ngamia wa Menyu ya Salah

Salah alichapisha kadi za harusi mtaani Iftin, mjini Garissa, na hakujua jina la fonti hata moja. Hakuona haja. Ukifungua menyu ya fonti katika programu yake ya kuandikia, kila jina lilitokea kwa sura yake: moja nene, moja limeinama mbele kama lina haraka, moja lina mikia. Salah, aliyekulia nyuma ya ngamia wa baba yake, alizitambua kama alivyowatambua wale, kwa mwendo. Ile nene aliiita Dume. Ile nyembamba, Kiangazi. Ile ya mikia, Bibi Harusi. Wateja nao walizoea. "Weka Dume juu, Kiangazi chini," walisema, na kazi ikaenda.

Asubuhi moja programu ikajisasisha yenyewe bila kumuuliza mtu. Salah alipofungua menyu, alikuta majina yote yameandikwa kwa herufi za aina moja, yamejipanga kama wanafunzi waliovalishwa sare. Kundi zima la ngamia lilikuwa limegeuka mbuzi weupe.

Siku nyingine angecheka. Lakini kadi iliyotakiwa siku hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa anamuoa Sahro, na mama yake Sahro, Bi Bishara, muuzaji wa maziwa ya ngamia, alikuwa na sharti moja tu: kadi ifanane kabisa na ya dada mkubwa, Muslimo, iliyochapishwa hapohapo kwenye kompyuta ya zamani, kabla vumbi halijaiua. Kiarabu juu, Kisomali katikati, Kiswahili chini, vyote kwa fonti moja.

"Sitaki binti zangu wapimane," alisema.

Pikapu ya kupeleka kadi Wajir, kwa wajomba wa Sahro, ingeondoka baada ya alasiri. Kadi zisipopanda, harusi ingesogezwa hadi Ramadhani ipite.

Bi Bishara alikuja kusimamia mwenyewe, kadi ya Muslimo ameikumbatia. Ilikuwa moja tu iliyobaki, na haikutoka mkononi mwake. Tena, kwa haya ya ukwe, yeye na Salah hawakuweza kuketi wakitazamana. Basi Fosia, mpiga picha za pasipoti aliyeshiriki duka hilo na Salah, akamkalisha Bi Bishara nyuma ya pazia lake la bluu.

"Eedo, umeamkaje?" Salah alilisalimu pazia kwa heshima apewayo shangazi.

"Nimeamka na harusi. Leta karatasi."

Salah akaandika majina ya maharusi kwa lugha zote tatu, akabofya fonti ya kwanza, akachapisha. Fosia akaipitisha karatasi chini ya pazia.

"Kiarabu kiko wapi? Naona madirisha."

"Fonti hii haina herufi za Kiarabu, Eedo. Isichoweza kuandika inaweka kisanduku."

"Sasa niwaalike watu kwa madirisha? Ngamia huyu hawezi mzigo. Mwingine!"

Wa pili alikuwa na Kiarabu, ila kila herufi ilisimama peke yake, haikumshika jirani yake.

"Hizi zimegombana?" Bi Bishara aliuliza. Fosia akaegemea ukuta kwa kicheko.

Salah akaacha kubahatisha. Akashuka menyu fonti baada ya fonti, akichapisha zile tu zilizobeba lugha zote tatu bila kuangusha hata moja. Fosia akawa wa kwenda na kurudi.

"Huyu ana njaa," pazia lilisema. "Wa Muslimo alishiba." Kisha, "Huyu amenenepa, ila mkia hana."

Adhana ya alasiri ilikuwa imekaribia, na nje dereva wa pikapu alikuwa anafunga turubai, karatasi nyingine ilipopita chini ya pazia. Fosia akachungulia.

"Ndiye! Bibi Harusi! Yuleyule!"

Salah aliinamisha kichwa juu ya kibodi, akashukuru.

"Ndiye," Bi Bishara alikubali. "Lakini yule mnene aliyetangulia ni mzuri zaidi."

"Eedo, ulisema zifanane!"

"Na zitafanana. Ya Sahro ichapishe kwa yule mnene. Halafu na ya Muslimo, upya."

"Muslimo ameolewa zamani! Ana watoto watatu!"

"Basi waandike nao. Chini, kwa Kiswahili. Wanasoma shule."

Salah alifungua mdomo. Fosia akamwonyesha ishara ya kuufunga. Akaufunga, akachapisha, akakimbia na maboksi mawili hadi kwenye pikapu iliyokwisha kuwashwa.

Harusi ilifanyika siku iliyopangwa. Wajomba wa Wajir walikuja na zawadi za harusi mbili, wasiulize mengi. Deeq, mume wa Muslimo, aliitwa kutoka kazini, akaazimwa koti, akakalishwa kando ya Salah, akapongezwa na kukabidhiwa mbuzi jike. Alisema hana pingamizi ikiwa itafanyika kila mwaka.

Muslimo aliibandika kadi yake mpya sebuleni. Mtoto wake mdogo huwaambia wenzake shuleni kwamba alikuwepo mama yake alipoolewa. Wakibisha, huwaleta nyumbani wasome.